Saa inayohesabu mizunguko: hesabu yake inatoka wapi?



Asubuhi ya siku ya Mungu tunaona watu wengi wakikimbia kandokando ya kiwanja cha mpira. Wengine wanavaa saa ya mkono ya namna mpya, ile inayoonyesha mwendo, kupiga kwa moyo na hesabu ya mizunguko. Ni jambo jema. Mtu anayekimbia mara tatu kwa juma anasaidia moyo wake, damu yake na usingizi wake. Sisi wa dispansere hatuwezi kusema neno baya juu ya mbio.

Lakini tunasikia pia maneno haya: «Munganga, saa iliniambia kwamba ninakwenda polepole, basi nikaongeza nguvu.» Na mwenye kusema hivyo amefika akitapika, kichwa kinamuuma na misuli ya miguu imekaza. Alitii saa kuliko mwili wake. Je, ile saa ilikuwa inasema kweli?

Saa haijui kitu kwa yenyewe. Inahesabu vile mtu fulani alivyoiagiza. Huyo mtu aliandika programu, yaani orodha ndefu ya maagizo, kiisha akaijaribu, akaitengeneza tena, na mpaka leo anapaswa kuitunza. Mfanya kazi anayejua manometri ya chupa ya hewa ataelewa upesi: sindano inaweza kusimama kwenye 150 wakati chupa ni tupu, kama hakuna mtu aliyeipima. Basi leo tuangalie namna programu ya kuhesabu mizunguko inavyotengenezwa na kutunzwa, ili ujue wakati gani uiamini na wakati gani uiache.

Satelite na njia yako

Saa inapima njia kwa msaada wa satelite za GPS. Ni za serikali ya Marekani, na zinazunguka dunia kwa urefu wa karibu kilometri 20.200. Kila satelite inatangaza saa yake bila kuchoka. Saa ya mkono inasikia angalau satelite nne, inalinganisha wakati ambao kila tangazo limechukua njiani, na kutokana na hayo inajua pahali uliposimama. Mpaka mwezi wa tano 2000, serikali ya Marekani ilikuwa inaharibu kwa kusudi usahihi uliotolewa kwa raia, kiisha ikaacha. Miaka mitatu nyuma, katika 2003, kompanyi Garmin ikauza saa yake ya kwanza ya wakimbiaji yenye GPS, jina lake Forerunner. Tangu hapo kompanyi nyingine nyingi zikafuata.

Wale wanaotumika chini ya ardhi watacheka na kusema kwamba chombo hiki hakiwezi kuwasaidia kule. Ni kweli. Tangazo la satelite ni dhaifu sana, haliwezi kupita kwenye mwamba. Hata chini ya paa la mabati linachoka. Pale satelite haionekani, saa inahesabu hatua kwa kusikia mkono unavyotikisika, na inakisia urefu wa hatua yako. Ni makisio tu.

Juu ya ardhi, chini ya mbingu wazi, kosa la GPS ni la metri chache. Kwenye barabara ndefu iliyonyoka, metri chache ni bure. Lakini kwenye kiwanja unazunguka pahali pamoja, kosa moja linarudi kila mzunguko, na makosa yanajumlishwa.

Makosa yenyewe ni ya namna mbili, na yanavutana. La kwanza linafupisha njia. Tuseme umeweka saa katika hali ya kuchunga batri, nayo inaandika pahali pako kila sekunde 7 tu. Ukikimbia metri 3 kwa sekunde, kuna metri 21 kati ya alama na alama. Saa inaunga alama hizo kwa mistari iliyonyoka. Kwenye kona za kiwanja cha mbio, zile za mviringo, inakata kona na kupoteza karibu metri 3 kwa kila mzunguko. Kwenye kiwanja cha mpira ni vibaya zaidi, kwa sababu kona zake ni kama pembe ya meza: kona moja tu inaweza kupoteza hadi metri 6. La pili linarefusha njia: alama zinarukaruka kidogo kuume na kushoto, na saa inafikiri kwamba wewe pia umerukaruka, kama mlevi anayerudi nyumbani.

Sasa angalia matokeo. Mtu anakimbia kilometri moja kwa dakika 5 kamili. Saa yake inapunguza njia kwa mia tatu, yaani metri 3 kwa kila metri 100. Inahesabu metri 970 tu, na kwenye kioo inaandika dakika 5 na sekunde 9. Yeye alikusudia dakika 5. Anaongeza nguvu mpaka kioo kimwonyeshe 5 kamili, na saa hiyo anakimbia kilometri kwa dakika 4 na sekunde 51 bila kujua. Kwa kijana aliyezoea, si kitu. Kwa baba wa miaka 48 mwenye damu inayopanda, katika joto la mwezi wa kumi kabla ya mvua, ni jambo lingine kabisa.

Njia tatu za kujua kwamba mzunguko umekwisha

Mtengenezaji wa programu anapaswa kwanza kuchagua: nitajuaje kwamba mkimbiaji amemaliza mzunguko?

Njia rahisi ni kuangalia njia iliyopimwa. Kila mara satelite zikisema «metri 400», saa inatetemeka na kuandika mzunguko mmoja. Wengi wanatumia njia hii, kwa sababu ndiyo inayokuja na saa. Kwenye kiwanja cha mbio ni njia mbaya. Kama saa inaongeza mia mbili, mzunguko wa kwanza utaandikwa ukiwa bado metri 8 kabla ya mstari. Mzunguko wa kumi utaandikwa karibu metri 78 kabla ya mstari. Mwisho wa kilometri 5, saa itakupongeza wakati umekimbia metri 4.902 tu.

Njia ya pili ni kifungo. Unapita kwenye mstari, unafinya, basi. Programu inaacha satelite na kusema: mzunguko huu ni metri 400 kwa sababu kiwanja kimepimwa na watu. Mimi kwa upande wangu naipenda njia hii kuliko zote. Lakini mkimbiaji aliyechoka anasahau kufinya, ao anafinya mara mbili. Kwa hiyo programu nzuri inaomba akili ndani yake. Kufinya mara mbili ni rahisi kugundua. Mtu aliyekimbia metri 400 upesi kupita wote duniani ni Wayde van Niekerk wa Afrika ya Kusini, kule Rio katika 2016, kwa sekunde 43,03. Basi kama kifungo kimefinywa sekunde 5 nyuma ya ile ya kwanza, programu inajua kwamba huo si mzunguko, na inauacha. Kusahau ni kugumu zaidi. Kama mizunguko yote ilichukua sekunde 120 na huu umechukua 241, bila shaka kuna mstari uliopitwa bila kufinya. Lakini pengine mtu alisimama kufunga viatu ao kunywa maji. Watengenezaji wengine wanaacha programu iongeze mzunguko yenyewe, kimya. Mimi naona heri iulize: «Mmoja ao miwili?» Chombo kinachosahihisha kimyakimya kinamzoeza mtu kutoangalia.

Njia ya tatu ni ya pahali. Unasimama kwenye mstari wa kuanza, programu inashika alama ya pahali hapo, kama vile mpima ardhi anavyopiga kigingi. Kiisha kila sekunde inapima: yuko mbali gani na kigingi? Akikaribia, mzunguko umekwisha. Ukisikia hivyo unafikiri ni kazi ya nusu siku. Ngoja kidogo. Mkimbiaji anakaa karibu na kigingi kwa sekunde nyingi: je, programu ihesabu mzunguko kila sekunde? Hapana, lazima kwanza aende mbali, kwa mfano metri 50, ndipo kurudi kwake kuhesabiwe. Na duara la «karibu» liwe kubwa kiasi gani? Likiwa dogo sana, metri 3, kosa la satelite litamfanya apite nje yake na mzunguko utapotea. Likiwa kubwa sana, programu itafikiri amerudi wakati anakimbia upande wa pili. Kwenye kiwanja cha mbio cha kawaida, pande mbili zilizonyoka zimeachana kwa metri 73. Basi duara la metri 20 ao 25 linafaa. Na ndani ya duara hilo, programu isihesabu wakati wa kuingia, bali wakati alipokuwa karibu zaidi na kigingi, na ule unajulikana tu wakati ameanza kwenda mbali tena. Kwa hiyo saa inatetemeka sekunde moja ao mbili nyuma ya mstari. Watu wanaandika kulalamika kwamba programu imechelewa! Haikuchelewa, muda ulioandikwa ni wa mstari, ila habari ndiyo imefika nyuma.

Njia hii inafaa sana kwa wale wanaozunguka kité ao njia ya pori, pahali hakuna kiwanja kilichopimwa. Wakati wa mzunguko utakuwa sahihi. Urefu wa mzunguko, huo upime mwenyewe.

Tena kuna neno la mistari ya kukimbilia. Metri 400 ni za mstari wa kwanza tu, wa ndani kabisa, na zinapimwa sentimetri 30 kutoka kwenye ukingo. Mstari wa pili una karibu metri 407. Wa nane una karibu 453. Mtu anayekimbia mizunguko 10 kwenye mstari wa nane amefanya zaidi ya nusu kilometri juu ya mwenzake wa mstari wa kwanza, na kifungo chake kinamwandikia sawasawa na yule. Programu nzuri inauliza mwanzoni: «Mstari gani?» Katika miaka hii saa kadhaa za Garmin zenyewe zimepata namna maalumu ya kiwanja cha mbio inayouliza swali hilo.

Katika ateliye ya mtengenezaji

Tuchukue mfano wa saa za Garmin, kwa sababu kompanyi hiyo iliwafungulia mlango watu wa nje. Katika 2014 ilitangaza Connect IQ, mpango unaomruhusu mtu yeyote kuandika programu ya saa zake na kuiweka kwenye duka lao, ili wenye saa waichukue. Programu zinaandikwa katika lugha yao inayoitwa Monkey C. Mtengenezaji hana lazima ya kuwa mfanya kazi wa kompanyi. Wengi ni watu wa kazi nyingine, wakimbiaji wenyewe, wanaoandika jioni watoto wakiisha kulala, na wengi wanatoa kazi yao bure.

Chumba wanachopewa ndani ya saa ni kidogo sana. Saa za zamani ziliiachia programu ndogo ya namna hii kilobaiti chache tu za kumbukumbu. Picha moja iliyopigwa na simu inazipita mara nyingi sana. Kila sekunde saa inaamsha programu, inaipa habari mpya za njia, muda na moyo, inangoja jibu la kuandika kwenye kioo, kiisha programu inalala tena. Mtengenezaji asiye na mazoea anataka kushika alama zote za njia. Saa moja ya kukimbia ni sekunde 3.600, basi alama 3.600. Kumbukumbu inajaa, programu inaanguka katikati ya mbio, na pahali pa hesabu inabaki alama ya «IQ» yenye kituo cha mshangao. Mwenye mazoea anashika machache: jumla ya mizunguko, mzunguko wa mwisho, mzunguko bora, na wastani. Ni kama kapita mzuri: habebi mchanga wote wa shimo mfukoni, anabeba hesabu ya vagoneti.

Jambo lingine linalowashangaza watu: kuna programu za namna mbili. Moja ni sehemu ndogo tu inayokaa ndani ya kazi ya kukimbia ya saa yenyewe. Hiyo inaweza kusikia kwamba mzunguko umefungwa, lakini haiwezi kuufunga. Nyingine ni programu kamili, inayoandika mbio zote yenyewe. Hiyo ina uwezo wa kufunga mzunguko, lakini inapoteza mambo mengi mazuri ambayo saa inayo tayari, na mtengenezaji anapaswa kuyajenga upya. Kwa hiyo ukiona programu ya kigingi ni kamili na nzito, na ile ya kifungo ni ndogo na nyepesi, ujue sababu ndiyo hiyo.

Kwenye meza ya kazi kuna pia saa ya uongo, yaani mfano wa saa unaoonekana kwenye kioo cha ordinateri. Mtengenezaji anaweza kuupa mbio za kweli zilizoandikwa zamani, na kuangalia programu inavyofanya. Ni msaada mkubwa. Lakini ordinateri haina jasho, haina mvua, haina kidole chenye matone ya maji kinachoshindwa kufinya kioo. Mwishoni lazima mtu avae viatu. Anakwenda kiwanjani, anakimbia mizunguko 10 kwenye mstari wa kwanza, na mwenzake anakaa kwenye mstari na karatasi na kalamu. Karatasi ndiyo shahidi. Hata kwenye Michezo ya Olimpiki, ambapo metri 10.000 ni mizunguko 25, kuna watu waliowekwa kuhesabu, na kengele inapigwa mwanzo wa mzunguko wa mwisho.

Matunzo hayaishi

Watu wengi wanafikiri programu ikiisha kuandikwa, imekwisha. Sivyo. Chuma kinapata kutu. Programu haipati kutu, lakini dunia inayoizunguka inabadilika, na matokeo ni yaleyale.

Kila mwaka saa mpya zinatoka. Moja ina kioo cha duara, nyingine kioo kipana, nyingine haina vifungo vingi bali inaguswa. Katika programu ya Connect IQ kuna karatasi ya orodha, inayotaja saa moja moja zinazoruhusiwa. Saa mpya isiyotajwa haipati programu, hata kama ingeweza kuibeba. Mtengenezaji anapaswa kuongeza jina lake, kuangalia kama tarakimu hazitoki nje ya kioo, na kutuma upya. Mkimbiaji aliyenunua saa mpya analalamika: «Programu yangu imepotea!» Haikupotea, haijaandikwa kwenye orodha tu.

Kiisha kompanyi inabadilisha programu ya ndani ya saa yenyewe, na jambo lililokwenda vizuri jana leo linasumbua. Habari zinafika kwa mpangilio mwingine, ao habari moja inakosa katika sekunde za kwanza. Programu iliyoandikwa vizuri inangoja na kuonyesha vistari viwili kwenye kioo. Ile iliyoandikwa ovyo inaanguka. Hapa ndipo unapomjua fundi: hakuna anayesifu vistari viwili, lakini ni kazi ya mtu aliyefikiri juu ya siku mbaya kabla haijafika.

Kuna tena ufunguo. Kila mtengenezaji anatia programu yake sahihi ya siri, na duka linakubali marekebisho yenye sahihi ileile tu. Ordinateri ikiungua ao ikiibiwa, na ufunguo haukuwekwa pahali pengine, hawezi tena kurekebisha programu yake. Lazima aianze upya kwa jina jipya, na watu wote waliokuwa nayo wanabaki na ile ya zamani, pamoja na makosa yake. Ufunguo huo unawekwa pahali pawili, kama vile magazini inavyokuwa na ufunguo wa akiba.

Na mara nyingine taabu inatoka mbali. Mwezi wa saba 2020, Garmin ilishambuliwa na wezi wa ordinateri, na huduma zake zilisimama kwa siku kadhaa. Saa zenyewe ziliendelea kuandika mbio. Kutuma ndiko kulikosimama. Tangu mwezi ule watengenezaji wenye busara wanaangalia kwamba programu yao inaweza kufanya kazi yake bila kuuliza kitu kwa mtu wa mbali.

Wewe mwenye saa unaweza kumsaidia mtengenezaji sana, na hapa mfanya kazi wa mine ana mazoea mazuri kuliko wengine, kwa sababu amezoea kuandika ripoti ya ajali. Usiandike «programu yako ni mbaya». Andika: saa ya namna gani, programu ya toleo gani, kiwanja ao barabara, mzunguko wa ngapi, kilichotokea, na ulichongojea kitokee. Kwa ripoti kama hiyo kosa linaweza kupatikana jioni moja.

Programu inayotaka kujua pahali ulipo inapaswa kukuomba ruhusa. Soma kabla ya kukubali. Mwezi wa kumi na moja 2017, kompanyi Strava ilitoa ramani ya dunia iliyoonyesha njia za wakimbiaji wake wote pamoja. Mwanzoni mwa 2018 watu waligundua kwamba ramani ile ilionyesha kambi za askari katika nchi za vita, kwa sababu askari walikuwa wakizunguka kambi na saa zao. Wewe si askari, lakini nyumba yako ina mlango. Anza kuandika mbio ukiwa umefika kiwanjani.

Kwa nini mzunguko mmoja ni neno kubwa kwa munganga

Katika 1968 munganga mmoja wa Marekani, Kenneth Cooper, aliyekuwa akitumika katika jeshi la anga, alieleza jaribio ambalo mpaka leo halihitaji chombo cha bei: kimbia dakika 12, upime metri ulizopita. Kutokana na metri hizo anakisia kiasi cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia. Hesabu yake ni hii: chukua metri, toa 504,9, kiisha gawanya kwa 44,73.

Sisi wengi hatuna kiwanja cha mbio. Tuna kiwanja cha mpira. Kama kina metri 105 kwa 68, kuzunguka kwake ni metri 346. (Pima kwa utepe! Sheria ya mpira inaruhusu viwanja vya urefu mbalimbali.) Mtu aliyefanya mizunguko 6 amepita metri 2.076, na hesabu inatoa 35. Aliyefanya 7 amepita metri 2.422, na hesabu inatoa karibu 43. Tofauti ni karibu 8. Tofauti hiyo inaweza kumtoa mtu katika kundi la wadhaifu na kumtia katika kundi la wenye nguvu, kwa mzunguko mmoja tu uliosahauliwa ao ulioongezwa. Mtu anayechaguliwa kubeba apareyi ya kupumulia katika kikosi cha wokozi asipimwe kwa hesabu ya kukisia. Katika jaribio la namna hii, kifungo pamoja na karatasi. GPS peke yake hapana. Na yeyote asianze jaribio hili bila kuangaliwa kwanza na munganga, zaidi sana akiwa amepita miaka 40 ao kama ana ugonjwa wa moyo, wa damu inayopanda ao wa sukari.

Neno moja juu ya moyo. Saa nyingi zinapima moyo kwa mwanga wa kijani unaoingia kwenye ngozi ya mkono. Saa ikilegea, inaanza kusikia mtikisiko wa hatua na kuuandika kama kupiga kwa moyo. Mkimbiaji anapiga hatua 160 ao 170 kwa dakika, na hiyo inafanana kabisa na moyo wa mtu anayekimbia kwa nguvu; ndiyo maana kosa hili halionekani upesi. Ukiwa na mashaka, simama, weka vidole viwili chini ya kidole gumba, hesabu mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Saa ikisema 168 na vidole vikisema 130, fuata vidole, kiisha kaza mkanda.

Ukisikia maumivu kifuani, kizunguzungu, baridi ya kutetemeka wakati jua linawaka, ao wenzako wakiona maneno yako yanachanganyika, acha kukimbia palepale, hata kama kioo kinasema imebaki mizunguko miwili. Wenzako wakulaze kivulini, wakuvue nguo nzito, wakumwagie maji mwili mzima na kukupepea, na mmoja akimbie kuita dispansere. Aliyetoka kazi ya usiku alale kwanza, akimbie jioni.

Kwenye barabara ya kamioni, mtetemeko wa saa unatosha. Usiinue mkono kusoma kioo wakati unavuka. Na ukirudi ateliye siku ya kwanza ya juma, saa ile ivuliwe kabla ya kukaribia tour, mkanda wa mashini ao kitu chochote kinachozunguka, kama vile pete na bangili.

Mwenye saa anayetaka kuijaribu alete karatasi, kalamu na mwenzake. Mizunguko 10 kwenye njia iliyopimwa kwa utepe, kifungo kila mstari, kiisha linganisha na ile ambayo satelite zimeandika. Andika tofauti hiyo ndani ya kifuniko cha kitabu chako cha matunzo ya munganga, ili siku ukifika kupimwa tuione.